Mavi Yaliyogoma Kuoza

Marahaba. Naitika mapema kwa sababu nawajua, wengine mtasoma huku mmelala chali na shikamoo yenyewe mmeimeza. Kaeni vizuri basi. Mie nimefuga ng'ombe wa maziwa tangu nilipoolewa mpaka magoti yalipokataa kuchuchumaa, na darasani nilikaa muda wa kujua kuandika jina langu na kuhesabu hadi mia, nikatolewa. Mengine nimefundishwa na ng'ombe na mama mkwe, na sijui nani kati yao alikuwa mgumu zaidi.

Humu nitataja mavi mara nyingi. Nasema mavi, sisemi kinyesi wala samadi, maana ndivyo tulivyoyaita miaka yote na hayakulalamika. Anayeona haya akasome habari za harusi.

Nyie mkisikia Vingunguti mnawaza machinjio. Enzi za Mwingereza, vita ya pili imekwisha na watu bado wanaipigia hadithi, mie nikisikia Vingunguti nilikuwa nawaza nyasi. Malisho yetu yalianzia kwenye minazi ya jirani yakateremka mpaka karibu na mto Msimbazi. Ng'ombe walikuwa sita, wote mali ya mama mkwe wangu, Bi Mwantumu, aliyeachiwa na marehemu mumewe. Mume wangu Rajabu alikuwa kuli bandarini, anatoka alfajiri anarudi alasiri, ng'ombe akiwajua kwa rangi tu. Kazi ilikuwa ya wanawake: kuchunga, kukamua, kupeleka maziwa kwenye migahawa ya Ilala, na kusimangwa.

Wiki yangu ya kwanza nilitaka kuonekana mchapakazi. Niliona ng'ombe wanaacha mavi kila mahali, nikasema mwenyewe, kumbe nyumba hii ina uchafu kiasi hiki. Nikachukua ufagio wa chelewa na kapu, nikafagia malisho. Malisho, si uwanja wa nyumba. Siku tatu nafagia, nakusanya, napeleka jalalani, mgongo unakatika. Siku ya nne Bi Mwantumu akaja, akasimama, mikono nyuma, akatazama ule weupe niliouacha.

"Mwali," akasema, "unasoma maulidi hapa?"

Nikamwambia nasafisha, mama. Akaniongoza mpaka pembeni ambako ufagio haujafika, akachukua kijiti akaliinua fungu moja la mavi ya juzi yake. Chini yake kulikuwa na watu wengi kuliko sokoni. Madundu weusi wanasukumana, wengine wamefinyanga vidonge vya mviringo wanavivingirisha kinyumenyume kwa miguu ya nyuma kama wamefukuzwa, wengine wanachimba mashimo wanashuka nayo chini. Akachimbua kidogo kwa kidole, wakatoka nyungunyungu, wale mnaowatia kwenye ndoana. Mchwa nao wamejenga pembeni. Akaniambia hawa ndio wafanyakazi wake, wananyonya mavi wanayapeleka chini, mashimo yao ndiyo yanapitisha maji ya mvua, na nyasi inakula kilichobaki. Mie, akasema, ni kibarua tu, na kibarua hafukuzi mafundi.

Kisha akanirudisha jalalani nikayabeba yote upya nikayarudisha, fungu moja moja, kwa mkono. Jirani zetu walikuja kutazama. Mpaka nazeeka kuna mtu Vingunguti aliyekuwa ananiita Bi Ufagio.

Toka hapo nikafundishwa kupima malisho. Sikilizeni, maana hili ndilo la maana na nyie mnapenda kuruka. Tazama fungu la mavi mabichi, weka kijiti pembeni. Wakati wa mvua, siku nne au tano likiwa limebaki unga na mashimo, ardhi ni nzima. Likikauka juu likawa kama chapati ya jana, na chini yake hakuna mtu, ardhi inaumwa. Kipimo cha pili ni cha ungo. Unaufunika ungo juu ya nyasi, unachora duara kuuzunguka, unachimba shubiri moja kwenda chini, unauvunja udongo kwa vidole na kuhesabu nyungunyungu. Bi Mwantumu alihesabu kimya, akimaliza anasema "haya" au hasemi kitu, na kutosema kitu kulikuwa kubaya.

Malisho tuliyagawa mapande matatu. Ng'ombe walikaa pande moja mpaka nyasi ikafika kwenye kifundo cha mguu, wakahamia la pili, wakahamia la tatu, wakarudi. Kwato hazipaswi kukanyaga mahali pamoja kila siku, udongo unashikana kama sakafu na aliye ndani yake anakosa pumzi. Ukitaka kujua, chomeka kidole gumba. Kikiingia mpaka kwenye kiungo, vema. Kikikataa, hamisha ng'ombe, na usinitafute uniulize kwa nini maziwa yamepungua.

Sasa nije kwenye aibu yangu.

Miguu ya Bi Mwantumu ilianza kuvimba, akawa hawezi tena kushuka bondeni kila siku. Sikukuu moja ya Idi, tumekaa tumeshiba, akatangaza kwamba masika yakimalizika atakagua malisho mawili: ya kwangu, na ya Mwajuma kule Chamazi. Mwajuma ni wifi yangu, dada yake Rajabu, ameolewa Chamazi, mumewe ana eneo kubwa lenye nyasi na mbuzi wachache. Ng'ombe wote sita, akasema, watakwenda kwa yule ambaye ardhi yake ni nzima zaidi, na hatarudia kusema. Mwajuma akanitazama akatabasamu kwa adabu. Nami nikatabasamu. Moyoni nilikuwa nimeshamnyonga.

Muelewe nilichokuwa nakipoteza. Hao ng'ombe hawakuwa wangu, lakini kwa sababu yao nilikuwa natoka nyumbani na kurudi bila kuulizwa, watu wa Ilala wananijua kwa jina langu mwenyewe, si mke wa fulani. Wakienda Chamazi mie narudi jikoni kupepea moto.

Upande wa pili wa barabara alipanga Elifasi, mtu wa Kilimanjaro, mpole, anasali kanisani na suti moja. Alikuwa mtunza bustani kwa Mzungu mmoja Uzunguni. Jioni alipenda kutusimulia kwao ng'ombe wanavyokaa ndani wakiletewa majani, na mavi yao yanavyokwenda mgombani, na mgomba unavyozaa mkungu wa kubebwa na watu wawili. Nikamwambia shida yangu. Akaniambia huko kazini kuna gunia la mbolea ya Kizungu, nyeupe kama chumvi, limeloa likaganda na bwana ameagiza litupwe. Majani ya bustani yakipata ile yanakuwa kijani mpaka yanaelekea weusi. Akaniletea kwa baiskeli.

Naye alinionya, Mungu anamwona. Alisema, "Mama, kidogo. Kama chumvi kwenye mchuzi."

Lakini mie mchuzi wangu ulikuwa mkubwa. Nikanyunyiza kwa bakuli. Kisha nikafikiri, kama nyeupe ni nzuri na mavi ni mazuri, basi vyote pamoja ni vizuri zaidi, nikabeba mavi yote ya zizini nikayamwaga juu yake. Na kwa kuwa pande la chini ndilo lililopata nyingi na kupendeza kuliko yote, nikaacha kuhamisha ng'ombe. Kwa nini wahame, chakula kimejaa mlangoni? Nikawaweka palepale masika yote.

Wiki za kwanza nilitembea nimeinua kidevu. Nyasi zilisimama, laini, kijani cha kutisha. Maziwa yakaongezeka. Nikawa napita mbele ya nyumba ya Bi Mwantumu na debe limejaa pomoni, nakohoa ili atazame.

Halafu ng'ombe wakaanza kuharisha. Zile nyasi zilikuwa maji matupu. Mavi yakawa hayaanguki kwa fungu, yanamwagika kama uji, na ukikamua ulitakiwa usimame kwa akili. Nilijifunza kukamua nimeinama upande, jicho moja kwenye ndoo na jicho moja kwenye mkia. Uji ule madundu hawakuweza kuufinyanga. Alikuja mmoja nikamwona, akazunguka, akajaribu mguu mmoja, akaruka akaenda zake. Ulipokauka ukabaki pale, ngozi ngumu juu ya nyasi, na mwingine juu yake, na mwingine. Nzi wakaja kana kwamba wamealikwa. Mwenye mgahawa wa Ilala akaniambia kwa upole kwamba chai anauza yeye, nzi niuze mwenyewe.

Nikachomeka kidole gumba. Kucha ikavunjika.

Nikachukua ungo, nikachimba duara. Nikahesabu nyungunyungu: wawili, na mmoja wao alikuwa anaondoka. Nikachimba pengine, nikapata jongoo amekufa. Ile chumvi ya Elifasi na kwato za ng'ombe sita vilikuwa vimewamaliza mafundi wote, na ukaguzi umebaki majuma mawili.

Hapo mtu mwenye akili angekwenda kukiri. Mie nilikwenda Chamazi.

Nilifikiri hivi: kama madundu wamenikimbia, nitachukua wengine. Na Mwajuma anao. Nikapanda lori la mihogo lililokuwa linarudi tupu, nikashuka njia panda, nikafika kwake na kikapu kikubwa nilichokitandika majani ya mgomba, nikasema nimewakumbuka. Mwajuma akashangaa, maana toka aolewe sikuwa nimewakumbuka hata siku moja. Akaingia jikoni kupika. Mie nikasema ngoja ninyooshe miguu.

Malisho yake yalikuwa yamefanana na yale Bi Mwantumu aliyonionyesha siku ya ufagio. Mbuzi zake na ng'ombe watatu wa jirani walipita pale kwa zamu, nyasi za urefu tofauti, na chini ya kila fungu kulikuwa na mkutano. Nikachuchumaa nikachota. Mavi na madundu wake, kwa mikono miwili, mafungu manane. Nikachimba nyungunyungu wa kutosha nikawafunga na udongo wao. Nikafunika na kanga, nikanawa kwenye mfereji, nikarudi nimechangamka. Kikapu nikakiweka nyuma ya mlango.

Wali ukatengwa mkekani. Mume wa Mwajuma, mtu msafi sana, kanzu imenyooshwa, akakaribisha. Tumekula tonge mbili, tatu. Kikapu kikaanza kuvuma. Madundu, kama hamjui, wana mbawa, na wakipata joto wanataka kuondoka. Wakivuma wengi pamoja ni kama mtu amefungia zumari kwenye mtungi.

Mwajuma akainua kichwa. "Wifi, kikapu chako kinaimba."

Nikasema ni mihogo.

"Mihogo ya wapi?"

Kabla sijataja shamba, dundu mmoja alikuwa ameshatoka chini ya kanga na kidonge chake. Akakivingirisha kinyumenyume, taratibu, bila wasiwasi, akapanda mkekani, akapita mbele ya mume wa Mwajuma, akaelekea kwenye sinia la wali. Akatoka wa pili. Wa tatu akaruka, akagonga taa ya chemli, akaanguka kwenye mchuzi wa papa. Yule bwana akanawa mikono, akasema kwa heshima kwamba ameshiba, alhamdulillahi, akatoka nje na hakurudi mpaka nilipoondoka.

Mwajuma akafunua kanga. Akatazama. Akanitazama.

"Umetoka Vingunguti," akasema, "umekuja kuniibia mavi?"

Uongo wangu ulikuwa umeishia kwenye mihogo. Nikamweleza yote, gunia, bakuli, uji, nzi. Nilidhani atacheka, kisha apande lori lilelile akamwambie mama yake. Alicheka kweli, akakaa chini akashika mbavu, akalia machozi, akaita jirani aje atazame mwizi. Alipomaliza akafuta uso kwa kanga yangu, akanisaidia kurudisha madundu kikapuni, tena akaongeza wengine.

"Wachukue. Hawatakusaidia, udongo wako una chumvi, lakini wachukue. Ila kwa mama utakwenda mwenyewe, useme kwa kinywa chako. Usiposema, nitakuja kusema mie, na mie nitaanzia kwenye sinia la wali."

Nikarudi. Nikamwaga madundu wangu pande la chini. Kesho yake asubuhi nilimkuta mmoja tu, amelala chali, miguu juu. Wengine walikuwa wamerudi Chamazi au wamekwenda mahali penye heshima.

Nikaenda kwa Bi Mwantumu. Alikuwa ameloweka miguu kwenye beseni. Nikasema kila kitu, hata wali, kwa sababu niliogopa Mwajuma atausema vizuri kuliko mie. Aliagiza maji ya beseni yaongezwe ya moto. Nikaongeza. Kisha akasema ng'ombe waende Chamazi wote sita, na malisho ya Vingunguti yakae hivyo hivyo, bila chumvi, bila mavi ya kumwaga, mpaka atakaposema. Nikauliza mpaka lini. Akasema ardhi haijamwambia.

Nikawapeleka mwenyewe kwa miguu, tukiwa tumetoka alfajiri. Watu njiani wakauliza unahamia wapi. Nikasema nawapeleka kutembea.

Mwaka ule niliujua moshi wa kuni vizuri. Malisho yakakaa bila ng'ombe na mie nikidhani kupumzika peke yake kutayaponya. Nako nilikosea. Zile nyasi laini zikafa, zikaja ngumu, ndefu, zikanipita kimo, za chini zikaoza kwa kukosa jua. Nyungunyungu wakarudi kidogo kidogo baada ya mvua kuisafisha ile chumvi. Lakini madundu hawakuja. Waje kufanya nini? Hakuna mavi. Nilikuwa nimewaua kwa kuwashibisha, sasa nikawafukuza kwa njaa. Ndipo nilipoelewa kwamba malisho bila mnyama si malisho, ni pori tu linalongoja kuungua.

Nikajishusha nikamwomba Mwajuma ng'ombe mmoja, mzee, asiye na maziwa. Akaniletea, akanikabidhi kamba, akaniuliza kama nina mihogo. Yule bibi kizee nikamhamisha pande hadi pande kila nyasi zikifupika, mwaka wa pili mzima. Mavi yake sikuyagusa. Kila asubuhi nilikuwa naweka kijiti na kuinama. Rajabu akawaambia makuli wenzake mkewe ana kichaa cha asubuhi, mchana anapata nafuu.

Masika yaliyofuata, Bi Mwantumu akaletwa kwa mkokoteni mpaka kwenye minazi. Akashuka mwenyewe na fimbo. Alikuja na ungo wake. Akautupa, ulipoangukia ndipo hapohapo, akaniamuru nichimbe. Macho yake yalikuwa yameingia ukungu, akasema nihesabu mie, kwa sauti.

Nikavunja udongo, ulikuwa mweusi, unanukia mvua. Nikahesabu, nikarudia, nikapekua kwenye mizizi kumtafuta mwingine.

"Kumi na saba, mama."

Kwa mara ya kwanza tangu niolewe akanieleza hesabu yake.

"Kila ng'ombe mmoja anataka watano chini yake. Watano mara sita ni thelathini. Hapa huna thelathini. Kumi na saba ni ng'ombe watatu, na wawili wanaobaki ni akiba yako. Wale watatu wengine watakaa kwa Mwajuma."

Nilitaka kusema, mama, miaka yote walikuwa sita. Akawahi. Akasema miaka yote nyungunyungu alikuwa anawahesabu yeye, na thelathini walikuwapo.

Kwa hiyo mkiniuliza kwa nini sikuwahi kufuga zaidi ya watatu mahali pale, hata watu walipoanza kunisifu na kunitaka niongeze, hiyo ndiyo sababu. Ardhi ndiyo inayosema idadi. Mwenye ng'ombe anasema majina tu.

Siku ya Alhamisi nilimrudisha yule mzee Chamazi, nikawaleta watatu wenye maziwa. Tulifika jua likiwa bado juu. Wakainamisha vichwa wakaanza kula bila kunisalimia, kama vile hawakuwahi kuondoka. Punde mmoja akainua mkia, likaanguka fungu zuri, zito, limekaa kama kitumbua. Nikachuchumaa mbele yake nikangoja. Rajabu akarudi kutoka bandarini, akanikuta hapo, moto haujawashwa, akaanza kuuliza watu wanakula saa ngapi nyumba hii.

Nikampungia mkono anyamaze. Dundu wa kwanza alikuwa ameshatua, anakunja mbawa zake.

"Subiri," nikamwambia. "Nina wageni."